Bahasha Chini ya Godoro

Mume wangu alikuwa anakohoa, anakonda na kuna kitu ananificha. Nikajua ni mwanamke. Kumbe ilikuwa ni picha ya eksirei ambayo hakuna aliyeisoma. Kuitafutia msomaji kulinifikisha kwenye kazi ya mzee mmoja wa Moshi ambaye huenda jina lake hujawahi kulisikia.

Jumamosi ni siku yangu ya kufua. Mpenzi msomaji, kama na wewe umeajiriwa unanielewa: wiki nzima unakimbizana na kazi, nguo zinajaa kwenye tenga zinakusubiri. Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwetu Nachingwea nabadilisha mashuka. Nikanyanyua godoro upande wa ukutani ili nichomekee vizuri, mkono ukagusa kitu. Bahasha kubwa ya kaki.

Sikuifungua hapo hapo. Nilikaa kitandani nikaishika mapajani, moyo unaenda mbio kama mtu aliyepanda mlima. Nilishajiandaa kwa siku nyingi kukuta kitu. Nilidhani nitakuta barua, au picha za mwanamke, au hati ya kiwanja alichomnunulia huyo mwanamke.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo ili usinione nina wivu wa bure.

NDOA YA WIKIENDI

Mimi ni afisa mikopo katika benki moja Ruangwa. Mume wangu ni karani wa ghala la korosho Nachingwea. Zamani ingekuwa wilaya moja, maana Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, lakini kwa mtu mwenye ndoa hizo ni wilaya mbili kweli kweli. Jumatatu hadi Ijumaa nalala kwenye chumba cha kupanga. Ijumaa jioni napanda gari, vumbi hadi kwenye kope, nafika nyumbani usiku. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu, alikuwa anabaki na baba yake na mama mkwe. Usiku alikuwa halali mpaka alale na baba.

Msimu wa korosho ulipoanza, mume wangu akaanza kukohoa. Mwanzoni sikushtuka. Ukiingia kwenye ghala la korosho wakati magunia yanapangwa hata wewe utakohoa. Wiki ya pili, ya tatu, ya nne, kikohozi kiko pale pale. Nikimuuliza ananijibu, "Vumbi tu hilo, mke wangu. Msimu ukiisha litaisha."

Kisha mengine yakafuata. Suruali zikaanza kumpwaya. Usiku akawa analala amenipa mgongo, ameangalia ukuta. Nikimsogelea anasema amechoka. Akawa anaamka usiku wa manane kubadilisha fulana kwa sababu ya jasho. Simu akawa anaenda kupokelea uani. Siku moja shoga yangu wa kazini akaniambia bila kupepesa macho, "Mume anayekupa mgongo ana mtu anayempa uso." Maneno hayo yaliniingia kama msumari.

Kazi yangu ni kuwasoma watu. Mteja akikaa mbele yangu naangalia viatu, viganja na namna anavyozungumza kuhusu deni la zamani, nami najua kama atalipa au atanisumbua. Basi bwana, nikajiona nimeshamsoma mume wangu. Nilichobakiza ni ushahidi tu.

Ndio nikaifungua ile bahasha.

NIKAIINUA DIRISHANI

Ndani kulikuwa na kitu kama plastiki nyeusi, laini, kinachotoa mlio ukikikunja. Nikaisogeza dirishani. Mbavu. Mbavu za mume wangu, moja moja, kama ngazi. Katikati kivuli cha moyo. Pembeni jina lake na tarehe. Nilihesabu kwa vidole: wiki saba zilizopita.

Nilisimama pale dirishani nadhani dakika kumi. Nilikuwa naangalia ndani ya kifua cha mwanaume niliyelala naye miaka minne, na sikuelewa chochote. Kile cheupe ni nini? Kile cheusi ni nini? Mzima au mgonjwa? Ingekuwa barua ya mapenzi ningeielewa mara moja. Hii sikuweza.

Aliporudi jioni nilikuwa nimeiweka mezani, juu ya kitambaa cha maua. Akaiona, akakaa. Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu, "Baba, hii ni nini?"

Akanieleza. Alikwenda hospitali moja, ambayo sitaitaja, akapigwa picha ya kifua. Aliyekuwa zamu akaitupia jicho, akasema kifua kinaonekana kichafu kidogo, akampa vidonge vya siku saba. Akamwambia arudi wiki inayofuata maana mtaalamu wa kusoma picha amesafiri. Akarudi, mtaalamu hajarudi. Akarudi tena, akaambiwa ameingia semina. Mara ya tatu hakurudi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia habari ya mjomba wake, aliyekufa miaka ya 1990 kwa kikohozi, enzi zile ambazo mtu akikohoa na kukonda mtaa mzima ulishajua jibu. Watu waliacha kumtembelea. Hata kikombe chake kiliwekwa peke yake. "Niliogopa jibu," akasema. "Nilitaka uendelee kuniona mzima. Wa kusoma alipokosekana, nikashukuru kimoyomoyo."

Na zile simu za uani? Mdogo wake wa Masasi. Huyo ndiye peke yake aliyekuwa anajua.

Nililia, lakini sitakudanganya kwamba nilimkumbatia. Nilikuwa nimekasirika kuliko ambavyo ningekasirika kwa mwanamke. Kwa sababu kwa wiki saba binti yetu alikuwa analala kifuani kwake.

DAKIKA TANO TU

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Tulipewa fununu kwamba katika hospitali nyingine, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, kuna daktari msaidizi anayejua picha. Tukaondoka alfajiri mimi, yeye na bahasha yetu.

Tulimkuta mtu mzima, mvi zimemjaa, miwani imeshuka puani. Tukamwamkia, "Shikamoo dokta." Akaichukua picha, akaichomeka kwenye kisanduku cha taa ukutani. Hakusema kitu. Alianza juu kulia, akashuka, akahamia kushoto, kama mtu anayesoma kurasa mbili za kitabu. Akarudi tena juu.

"Picha ya lini hii?"

"Wiki saba sasa, dokta."

Akavuta pumzi. Kisha akaniita, "Mama, sogea na wewe uone. Usiogope."

Akanifundisha pale pale. Eksirei inapita mwilini kama mwanga unavyopita kwenye pazia. Panapozuia, kama mfupa, picha inatoka nyeupe. Panapopitisha, kama hewa, inatoka nyeusi. Kwa hiyo pafu zima linatakiwa liwe jeusi, kwa sababu limejaa hewa. "Sasa angalia huku juu." Akaweka kalamu chini kidogo ya mfupa wa bega la kulia. Kulikuwa na ukungu mweupe, na ndani ya ukungu kitundu cheusi kama jicho.

"Mimi sisemi ni TB kwa picha peke yake," akasema. "Nasema nendeni mkapime makohozi leo, siyo kesho. Na mtoto aletwe."

Hazikuzidi dakika tano. Jibu la wiki saba lilikuwa humo humo kwenye bahasha, likisubiri mtu wa kuliona.

Nilishindwa kujizuia. "Dokta, mbona kule hawakuiona?"

Akatabasamu kidogo. "Usiwalaumu sana, mama. Jicho linafundishwa. Mimi nilikuwa tabibu miaka mingi, naziangalia hizi kama ninavyoangalia mawingu. Mpaka nilipokwenda kusoma Moshi."

Neno hilo la Moshi ndilo lililobaki kichwani mwangu njia nzima ya kurudi. Moshi kuna nini?

MUME, MKE NA PETE

Niliporudi Ruangwa nikaanza kutafuta usiku usiku kwenye simu. Nikaanzia mbali kabisa, Ujerumani, katika mji wa Würzburg. Huko ndiko, Novemba 8 mwaka 1895, profesa wa fizikia Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi asiyoielewa, akaipa jina la X, ile herufi ya kitu kisichojulikana. Wiki kadhaa alijifungia maabara, akawa anakula na kulala humo humo. Mkewe, Anna Bertha, alikuwa juu ghorofani, hajui mumewe amepatwa na nini. Nikajisemea, kumbe siko peke yangu!

Desemba 22 ndipo alipomwita. Akamwomba aweke mkono wake juu ya sahani ya picha, wakasubiri kama robo saa. Ilipotoka, ilionyesha mifupa ya vidole, na kwenye kimoja pete ya ndoa, nyeusi, imening'inia kwenye mfupa. Inasimuliwa kwamba mama yule alishtuka, akaona kama ameangalia kifo chake mwenyewe. Lakini aliishi miaka mingine 24 baada ya hapo. Röntgen alipata Tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya fizikia mwaka 1901, na alikataa kujimilikisha ugunduzi wake ili watu wote wautumie.

Unaona? Picha ile maarufu ya mwanzo ilikuwa ya mke wa mtu. Na jambo la kwanza ililosababisha ni hofu. Mume wangu hakuwa mjinga. Kujiona ndani kunatisha.

Tofauti ni kwamba mama Röntgen alikuwa na mtu pembeni anayeijua ile picha. Huko ndiko Moshi inakoingia.

WALIOSTAAFU WAKAHAMIA MOSHI

Pale Moshi kuna hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya mlima Kilimanjaro. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walifika pale mume na mke wenye umri ambao watu wengi wanafikiria kiti cha uvivu na wajukuu. Mume anaitwa Helmut Diefenthal, mke Rotraut.

Huyu Diefenthal alizaliwa Ujerumani, kijana wa kizazi kilichopitia Vita ya Pili ya Dunia. Akasomea udaktari, akaenda kuwa daktari wa misheni Malaya, nchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Baadaye akahamia Marekani, jimbo la Minnesota, akabobea katika radiolojia, yaani taaluma ya kusoma picha za ndani ya mwili, na akawa mwalimu wa chuo kikuu. Kwa kifupi, maisha yalishampa kila kitu. Alipostaafu, miaka 60 imeshapita, yeye na mkewe wakafunga mizigo wakaja Tanzania.

Wakati huo madaktari bingwa wa radiolojia katika nchi yetu walikuwa wachache mno, na wachache hao wengi walikuwa mijini. Sasa fikiria wewe ni bingwa umekuja katika nchi ya namna hiyo. Njia rahisi ni ipi? Kukaa kwenye kiti, kusoma picha kuanzia asubuhi hadi jioni, watu wakushukuru, uitwe mtakatifu. Siku ukiondoka unaondoka na macho yako.

Yeye alichagua njia nyingine. Alianzisha shule. Na wanafunzi wa mwanzo hakuwatafuta kwa madaktari wa ngazi ya juu peke yao. Alianza na madaktari wasaidizi, wale tuliowazoea kuwaita AMO, ambao walianza kazi kama matabibu, wakatibu vijijini miaka na miaka, wakarudi darasani. Akawafundisha miaka miwili kusoma picha za eksirei na altrasaundi, kisha wakarudi mikoani na wilayani kwao.

Mimi kama mtu wa benki hesabu hiyo naielewa vizuri. Bingwa anahitaji miaka mitano ya udaktari, mwaka wa mafunzo kazini, kisha miaka kadhaa tena ya ubingwa. Akimaliza, jiji linamng'ang'ania. Daktari msaidizi ameshazoea kukosa umeme, ameshazoea barabara mbovu, ana shamba na familia huko huko. Ukimwongezea miaka miwili ya kufundishwa jicho, umepata mtu atakayebaki. Hakuwa mbadala wa bingwa, na hakujifanya hivyo. Lakini kwa mgonjwa wa wilayani, ambaye mwenzake mwingine ni bahasha chini ya godoro, huyo ndiye aliyekuwepo.

Baada ya hapo ikaja ngazi ya pili, shahada ya uzamili ya radiolojia pale pale KCMC, ili Watanzania wenyewe wawe mabingwa na wafundishe wengine. Wenzake wa Marekani, kupitia taasisi iitwayo EAMAF, wakawa wanasaidia walimu na vifaa. Mzee aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi, mpaka uzeeni kabisa, na mkewe akiwa naye.

Ndugu msomaji, mara nyingi tukisema mtu ameacha urithi tunatafuta jengo lenye jina lake. Mimi urithi wa huyu mzee niliukuta kwenye chumba kidogo chenye feni mbovu, kwa mtu mwenye mvi aliyeweka kalamu juu ya pafu la mume wangu akasema, "angalia huku juu."

NACHINGWEA INAJUA HABARI YA MASHINE

Nilipomsimulia mama mkwe, hakushangaa. Aliendelea kuchambua mchicha. "Mwanangu," akasema, "sisi huku mashine tumeziona. Zimekuja, zimeondoka."

Ana haki ya kusema hivyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Yakaja matrekta, yakaja magreda, ikajengwa na reli kutoka Mtwara. Kufikia 1951 mradi ulishakufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa. Leo watoto wetu ukiwaambia hapa palipita treni wanakucheka.

Lakini mama mkwe ni mzaliwa wa Mnero, hapa hapa wilayani Nachingwea, na jina analolitaja kwa heshima siyo la mwenye trekta. Ni la Dk. Leader Stirling. Huyo alikuwa daktari wa upasuaji, Mwingereza, aliyekuja Tanganyika mwaka 1935 akaanzia Lulindi, upande wa Masasi. Mwaka 1949 akahamia misheni ya Wabenediktini pale Mnero, akakaa miaka 15. Alikata na kushona watu mahali ambapo hospitali ilikuwa inajengwa kwa kile kilichopatikana. Na alifanya lile lile ambalo mzee wa Moshi alikuja kulifanya baadaye: alifundisha. Wauguzi waliofunzwa mkononi mwake walitawanyika. Akachukua uraia, akaoa hapa hapa, akawa mbunge, akawa Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Alifariki mwaka 2003, akiwa na miaka 97.

Trekta la karanga limebaki chuma chakavu. Hospitali ya Mnero bado inatibu watu.

SASA MUME WANGU

Makohozi yalisema kile ambacho picha ilikwishasema. TB. Tulipimwa na virusi vya UKIMWI siku ile ile, wote wawili, tumekaa benchi moja. Majibu yalipotoka salama mume wangu aliinama akalia kama mtoto. Miezi yote ile alikuwa amejifunga kesi ambayo hakuwa nayo.

Matibabu ni miezi sita, na dawa ni bure. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa msimamizi wake wa dawa. Siku za wiki nilikuwa nampigia kwa video alfajiri, saa kumi na mbili kamili, namwangalia anameza. Ndoa yetu ya wikiendi ikageuka ndoa ya kila siku, kwa sababu ya vidonge! Baada ya wiki kadhaa kikohozi kilipungua. Mwezi wa tatu suruali zikaanza kumkaa.

Binti yetu alipimwa. Hakuwa mgonjwa, lakini kwa umri wake na ukaribu wake na baba alilazimika kupewa dawa ya kinga kwa miezi. Kila nilipomponda kidonge kwenye kijiko na yeye kukunja uso, hasira ilinirudia. Nilimwambia mume wangu hivyo. Sikutaka na mimi nianze kuficha bahasha yangu. Tulizungumza mara nyingi, nyingine zikaishia kwa mlango kubamizwa. Leo amepona. Kwenye picha ya mwisho kimebaki kikovu kidogo pale juu kulia, dokta amesema kitabaki maisha yote na hakina madhara. Kwangu pia kimebaki kimoja. Kinapona.

Mambo yamebadilika siku hizi. Hospitali nyingi za wilaya zina mashine za kidijitali, picha haitoki tena kwenye plastiki nyeusi, inakaa kwenye kompyuta, na inaweza kutumwa kwa intaneti kwa bingwa aliye mbali. Ni hatua kubwa. Lakini Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba theluthi mbili ya watu duniani hawapati huduma za msingi za picha. Na hata picha ikiruka kwa intaneti, upande wa pili lazima awepo mtu mwenye jicho lililofundishwa. Pale KCMC bado wanawafundisha.

KABLA HUJAONDOKA NA BAHASHA

Nimeyajifunza kwa gharama, wewe yachukue bure.

1. Uliza nani ataisoma, na lini. Kupigwa picha ni nusu ya kipimo. Nusu nyingine ni maandishi ya aliyeisoma. Usikubali neno "rudi" lisilo na siku.

2. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi siyo cha kusubiri msimu uishe. Kikija na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, nenda kapime. Vumbi halikondeshi mtu.

3. Tunza picha za zamani. Msomaji mzuri hulinganisha ya jana na ya leo. Zihifadhi pakavu, zisikunjwe. Siyo chini ya godoro!

4. Usiogope mionzi kupita kiasi. Mionzi ya picha moja ya kifua ni karibu sawa na ile tunayoipata kutoka kwenye mazingira yetu kwa siku kama kumi. Ila mama mjamzito, au anayehisi huenda ni mjamzito, lazima aseme kabla ya kupigwa.

5. Nendeni wawili. Jibu zito ni jepesi kidogo likisikilizwa na masikio manne. Na mwenzako akikupa mgongo usiku, kabla hujamtafutia mwanamke, mguse kwanza uone kama ana homa.

Wiki iliyopita nilibadilisha tena mashuka. Nikanyanyua godoro upande wa ukutani, mazoea tu. Palikuwa na soksi moja ya mtoto. Nikaitia kwenye tenga nikaendelea kufua.